Mwizi Asokuwa na Simu

Assalamu alaykum. Nyie mnaonijua mshaanza kucheka, mnajua ntakayosema, na ntayasema tu. Kila wakionekana vijana wameinama na riwaya za jinai za miaka ya sabini, za New York, za Boston, za Nairobi, mle kwenye uchafu na polisi wala rushwa, hatokosa mtu mzima mmoja atakaesema ah, hawa wamependa zile suruali za bugaluu na magari marefu. Si kweli bwana. Suruali haimkeshi mtu na kitabu mpaka saa nane za usiku. Kinachomkesha ni kuwa mwizi wa mwaka 1970 hana simu mfukoni.

Nisikilizeni basi. Chukua The Friends of Eddie Coyle cha George V. Higgins, kilitoka mwanzoni mwa miaka ya sabini, na Higgins mwenyewe alikuwa mwendesha mashtaka kulekule Boston kwa hivo watu hawa kawasikia kwa masikio yake. Eddie ni mtu mdogo tu, umri umeshakwenda, ana mke na watoto, kapatikana na hatia New Hampshire kwa kuendesha lori la mzigo wa wizi na sasa anasubiri hukumu, jela haitaki kuisikia. Riziki yake ni kuwatafutia bastola majambazi wanaoiba mabenki. Afanye nini? Anakwenda kwa askari: nikikupa anaeuza bunduki, utaniombea kwa hakimu? Anampa kijana wa watu. Askari anasema ahsante, lakini haitoshi, lete na nyengine. Hapo Eddie ndo kesha kwisha ila yeye hajui. Na wakati huohuo yuko bwana mmoja anaitwa Dillon, ana baa yake, kila mtu anapita pale, kila mtu anaacha ujumbe pale, mana simu ya kibanda inataka sarafu na ya nyumbani ina masikio ya mke. Dillon huyu ndo anaepeleka maneno kwa polisi. Wale wezi wa benki kawauza mwanamke wa mmoja wao, lawama ikamwangukia Eddie, na wakubwa walipotaka Eddie auliwe kazi wakampa nani? Dillon huyohuyo! Akamchukua kwanza kwenye mechi ya hoki, akamnunulia bia, bia juu ya bia, mpaka Eddie akasinzia garini, basi tena.

Mwisho nshakuharibieni, samahani, lakini kitabu kina zaidi ya miaka hamsini, mlikuwa wapi?

Sasa mpe Eddie simu ya mkononi. Riwaya inakufa ukurasa wa kumi. Meseji mbili, polisi wanachukua rikodi kampuni ya simu, kamera ya mlangoni imeshamwona nani kaingia baa saa ngapi. Na mambo ya vinasaba, ile njia ya kumjua mtu kwa damu yake iligunduliwa Leicester mwaka 1984, kabla ya hapo mpelelezi hana mashine ya kumnong'oneza jina, lazima akagonge mlango, akaribishwe, akae, adanganywe, atoke, akadanganywe nyumba ya pili. Kitabu kizima ni watu wanadanganyana uso kwa uso. Sisi watu wa baraza tunataka nini tena?

Najua yuko mmoja pale nyuma anasema moyoni mambo ya Boston yanatuhusu nini sisi wa Unguja. Sheikh, wewe unaekaa Jaws Corner, baraza lenye jina la filamu ya papa ya mwaka 1975, ndo unaniuliza mimi habari za Wamarekani? Mtazame muuza kahawa pale. Anamimina, anakusanya vikombe, hamtazami mtu usoni, na anajua nani kauza shamba, nani karudi kwao na masanduku, nani anamkimbia nani kwa deni. Dillon huyo. Simsingizii mtu, jamani, nasema kazi yenyewe ilivo.

Halafu mji. New York mwaka 1975 ilibakia kidogo ifilisike, polisi kwa maelfu wakaachishwa kazi, vyama vyao vikachapisha kijitabu chenye picha ya fuvu cha kuwapa wageni: usitembee baada ya saa kumi na mbili jioni, treni ya chini ya ardhi usipande kabisa. Polisi hao wanasema! Mwandishi akibuni kitu kama hicho ataambiwa katia chumvi.

Kwa hivo nasifu ujambazi? Hebu. John Kiriamiti wa Nairobi alifungwa 1971 kwa ujambazi, kitabu chake My Life in Crime kikatoka 1984, na jela imo mlemle, kasomeni.

Na Bwana Msa je, yule mpelelezi wa riwaya zetu za Unguja? Bwana Msa nampenda, asinigombanishe mtu na Muhammed Said Abdulla, alietupa kitabu kila mwaka kutoka 1973 mpaka 1976. Lakini Bwana Msa anavuta kiko, anafikiri, fumbo linafumbuka, watu wanarudi makwao. Foleni ya mchele haimo mle. Na miaka yetu ya sabini ilikuwa nayo: Mzee Karume kapigwa risasi Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, watu wanakamatwa, magorofa ya Michenzani yanapanda, televisheni ya rangi tunayo wakati bara walingoja mpaka miaka ya tisini, na kule Pemba usiku magunia ya karafuu yanashushwa mashuani kimyakimya kwenda Kenya, mana mnunuzi wa halali mmoja tu, serikali, na bei anapanga yeye. Adam Shafi aliingia jela za zama zile kwenye riwaya yake Haini. Lakini yule nahodha wa magendo nani kamwandika? Yule karani wa mizani kituoni? Yule askari wa doria alieiona mashua akageuza tochi upande wa pili? Vijana mnaniandikia wapelelezi wa Miami, Miami mshafika?

Nlikuwa na la tatu, la wanawake, mana vitabu hivi hapo vina aibu yao, mwanamke ama maiti ukurasa wa kwanza ama yuko nyumbani anagomba, lakini mwenyekiti kesha nikazia macho na hilo linataka siku yake. Haya, maswali. Ila asije mtu akaniambia sinema ya Eddie Coyle kaiona, ile ya 1973 ya Robert Mitchum, kwa hivo kitabu hakihitaji. Sinema nzuri, sikatai. Kitabu karibu chote ni watu wanazungumza, kasomeni kwa sauti. Wewe wa shati la kijani, anza.