Dreich: Siku Iliyododa

Walimu wangu, ndugu wanafunzi, hamjambo. Mliniomba nizungumzie maneno ya hali ya hewa katika lugha za watu. Nimekuja na neno moja tu, la Kiskoti, kutoka Scotland: dreich. Hiyo ch ya mwisho ni kh yetu ya kheri na ya sheikh, na irabu yake ni i ya kuvuta. Driikh. Litamkeni. Naam. Waingereza wengi wa kusini huishia kwenye k. Mswahili aliyefundishwa kh tangu madrasa halimpi taabu.

Nililisikia mara ya kwanza Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, asubuhi ya Novemba, kituoni pa basi. Mvua huwezi kusema ilikuwa ikinyesha. Hewa yenyewe ilikuwa imelowa. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mapaa, na kuta za mawe, mbingu na lami vilikuwa rangi moja. Bibi mmoja aliyesimama karibu nami aliinua macho, akasema, "Dreich," kisha akanyamaza. Hakuhitaji kuongeza kitu, nami nikaelewa kabla sijafundishwa maana.

Nilipolifuatilia kamusini ndipo nilipolipenda. Wasomi wa Scotland wana kamusi kubwa ya lugha yao, juzuu 10, iliyochapishwa kati ya 1931 na 1976, na humo unaona kwamba dreich halikuzaliwa neno la mvua. Asili yake ni katika tawi la kale la lugha za Kijerumaniki, lile lililozaa Kiingereza na Kijerumani, nduguye yumo katika lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, na maana ya mwanzo ni kitu kinachodumu, kinachochukua muda. Barabara ndefu isiyofika ni dreich. Mahubiri yasiyokwisha ni dreich. Hata mdaiwa mzito wa kulipa aliitwa hivyo. Kutoka hapo neno likapanda mbinguni, likaikalia siku ya mawingu.

Kwa hiyo anayelitafsiri kuwa "mvua mvua" au "kibaridi" ameacha kiini chake. Linalolalamikiwa ni muda. Tazameni hesabu: Edinburgh hupata takriban milimita 700 za mvua kwa mwaka, na Dar es Salaam hupita 1,000. Sisi tunanyeshewa zaidi! Lakini masika yetu hushuka kwa kishindo, mifereji ikafurika, kisha jua likatoka na nguo zikaanikwa. Kule maji machache hugawanywa kwa siku nyingi, kidogo kidogo. Ongezeni kwamba Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasoro dakika ishirini na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Saa saba za mchana, nazo zimefunikwa. Mwalimu Nyerere, aliyesoma chuo kikuu mjini humo kuanzia 1949 hadi 1952, aliyapitia majira matatu ya baridi ya namna hiyo.

Dreich lina jamaa zake. Smirr ni rasharasha nyembamba kabisa, huioni ikianguka ila unaiona kwenye sufu ya koti lako. Snell ni upepo unaokata. Drookit ni aliyelowa chepechepe. Nalo haar ni ukungu wa pwani ya mashariki: hewa yenye uvuguvugu hupita juu ya Bahari ya Kaskazini iliyo baridi, unyevu wake ukapoa na kuwa ukungu, upepo ukausukuma mjini, hasa kati ya Aprili na Septemba. Maili chache bara watu wanaota jua, na wewe ufukweni huoni ng'ambo ya barabara.

Sitaki mdhani kwamba hii ni mitindo ya mtaani ya kuharibu Kiingereza. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza, si mtoto wake, na wala si Kigaeli, lugha nyingine ya Scotland, ambacho ni cha tawi lingine. Hata hivyo vizazi vya watoto walisahihishwa shuleni kwa kukisema. Inaniuma, kwa sababu waliokemewa hawakuwa wamekosea. Walikuwa wanasema lugha ya mama zao. Mwaka 2013 wasomaji walipoombwa na Scottish Book Trust, shirika la kuhimiza usomaji, kutaja neno la Kiskoti walipendalo, dreich ndilo lililoongoza. Na mwaka 2025 Bunge la Scotland lilipitisha sheria ya kukipa Kiskoti, pamoja na Kigaeli, hadhi rasmi.

Sasa sisi tulisemeje? Tuna masika, vuli, kipupwe, manyunyu, ukungu, utusitusi. Yote mazuri, hakuna linalobeba ule muda. Nilihangaika nalo miezi mingi mpaka nikakikumbuka kitenzi tunachokitumia kila siku: kudoda. Paa bovu hudoda, tone baada ya tone. Na mfanyabiashara wa Kariakoo akikwambia mzigo umedoda, ana maana umekaa tu, hautoki. Tone na kukawia, vyote ndani ya kitenzi kimoja, kama walivyo navyo wao.

Jioni moja ya Januari nilitoka maktaba nikiwa na rafiki yangu wa Mombasa. Taa za barabarani zilikuwa zimewashwa tangu alasiri, maji yakidondoka kutoka kwenye miti ingawa mvua hatukuiona. Akaniuliza, "Leo kukoje?" Nikamwambia siku imedoda. Akatazama juu, akaitikia, "Imedoda kweli," tukaendelea kutembea.