Kigeuze Kwanza

Mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi vijana mnaojifunza usonara, asanteni kwa kunialika. Wengi mmeshanisikia nikilisema hili juu ya vidani vya Kigiriki: kazi kwanza, alama baadaye. Leo nalirudia, kwa sababu kila nikipita kwenye maduka ya vito naona bado halijasikika.

Juzi mama mmoja aliniletea kidani nimkazie kipete cha kupitishia mkufu. Dhahabu ya karati 18, katikati uso wa Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nyoka kichwani, pembeni kimezungukwa na ule mchoro wa mstari unaojikunja kwa pembe mraba, mnaouona hata kwenye vigae vya sakafu. Akaniambia kwa fahari, "Hiki cha Kigiriki." Nikakigeuza. Nyuma pako wazi kama kifuniko cha chupa, na alama za kalibu hazijasuguliwa. Sikumwambia neno, mali ni yake na anaipenda. Ninyi nawaambia: alama ilikuwa ya Kigiriki, kazi haikuwa. Na mimi nashikilia kwamba kazi ndiyo tunayopaswa kuirithi, alama inafuata nyuma.

Kitazameni kidani cha Malia. Picha yake mnayo mbele yenu. Kilitoka kisiwa cha Krete, kwenye makaburi ya Chrysolakkos, na leo kimo katika makumbusho ya Heraklion. Jina Chrysolakkos maana yake ni shimo la dhahabu, kwa kuwa wanakijiji walikuwa wakiokota dhahabu pale kabla wataalamu Wafaransa hawajafika na majembe yao. Kina umri wa miaka 3,700 hivi, na upana wake haufiki sentimita 5. Nyuki wawili wametazamana, wameshika sega la duara, wanatia tone la asali. Chini vinaning'inia visahani vitatu.

Najua kuna atakayesimama kusema watu wale wa Krete hawakuwa Wagiriki. Kweli, maandishi yao hayajasomeka mpaka leo. Lakini Wagiriki waliwarithi ufundi, na sisi tunazungumzia ufundi. Mwingine atasema hao si nyuki, ni nyigu. Ubishi huo upo na una wenyewe. Tuwaachie wanaosoma wadudu. Mimi nataka mtazame lile sega. Limejazwa punje za dhahabu, moja moja, kila moja imeshika mahali pake na imebaki duara kamili. Hakuna lehemu iliyomwagika katikati. Hapo ndipo kila sonara anapaswa kujiuliza: walizishikishaje?

Kutengeneza punje si siri. Unakata waya mwembamba wa dhahabu vipande vidogo, unavitandaza ndani ya unga wa mkaa, unavipasha moto. Kila kipande kikiyeyuka kinajikunja chenyewe kuwa duara, kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Ufundi huo ulikuwepo kwenye makaburi ya kifalme ya Ur, mji wa kale wa Iraki ya leo, zaidi ya miaka 2,400 KK. Kazi ni kuzibandika. Ukitumia lehemu ya kawaida, inatambaa, inajaza mianya, na punje zako zinakuwa uji. Ukiongeza moto bila lehemu, punje na bamba vinayeyuka pamoja, kazi ya wiki imekwenda.

Wagiriki wa kisiwa cha Rhodes katika karne ya 7 KK waliweza. Mabamba yao ya kifuani yenye mwanamke-nyuki yapo kwenye makumbusho ya British Museum, London, yamejaa punje. Waetruski, watu wa kale wa Italia, waliweza kwa namna inayotia wivu. Kisha mkono ule ukapotea Ulaya. Roma, karne ya 19, familia ya masonara ya Castellani ikaanza kuutafuta. Walikwenda mpaka mji mdogo wa Sant'Angelo in Vado, wakawakuta mafundi waliokuwa bado wakiwatengenezea wanakijiji vito kwa njia za zamani, wakawaleta Roma. Wakafanya kazi nzuri sana, zikasifiwa London mwaka 1862. Lakini walitumia lehemu, na ukiweka kazi yao chini ya lenzi kando ya ile ya kale, unaona tofauti.

Jibu lilipatikana miaka ya 1930, kwa Mwingereza aitwaye Littledale. Unasaga madini ya kijani ya shaba, unachanganya na gundi na maji. Unapaka kidogo, unabandika punje, unapasha moto. Gundi inaungua na kuacha kaboni. Kaboni inainyang'anya shaba oksijeni yake. Inabaki shaba safi, kidogo mno, pale tu punje inapogusana na bamba. Dhahabu peke yake huyeyuka kwa digrii 1064, shaba kwa 1085; zikichanganyika, huyeyuka karibu na 900. Kwa hiyo panaposhikana ni pale pa kugusana, na punje inabaki punje.

Na sasa lile linalonifanya nilirudie jambo hili kila mwaka. Wagiriki waliyaitaje madini yale ya kijani? *Chrysokolla*. *Chrysos* ni dhahabu, *kolla* ni gundi. Gundi ya dhahabu! Neno lilikuwa vitabuni muda wote huo. Mwandishi Pliny wa Roma, karne ya 1, ameeleza jinsi mafundi walivyoichanganya kutu ya shaba na mkojo wa mtoto wa kiume kwa ajili ya kuungia dhahabu. Watu walilisoma neno kwa karne nyingi, wakalifasiri, wakaliweka kwenye kamusi, na vidani vikaendelea kukaa kabatini bila mtu wa kuvijibu. Ndiyo maana ninawasihi, mkienda kwa wazee wenu wa ufundi, andikeni maneno yao. Andikeni wanachokiita kila kitu.

Mtaniambia mteja halipii punje. Nimelisikia hilo mara nyingi na linanichosha. Mteja hajui kama zipo! Nani amemwonyesha? Mwekee punje tano tu kuzunguka tundu la mkufu, mpe lenzi, kisha useme naye bei.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, la kaburi la Kul-Oba kwa kifupi, ingawa linastahili siku yake. Mwaka 1830, karibu na mji wa Kerch, Krimea, kwenye kilima cha kaburi hilo, vilipatikana vidani viwili vya kuning'inia pembeni mwa uso, vya karne ya 4 KK, vipo makumbusho ya Hermitage, Urusi. Vina kichwa cha mungu wa kike Athena mwenye kofia ya vita, juu yake sfinksi, yaani simba mwenye kichwa cha mtu, katikati na farasi wenye mabawa pembeni. Ile ni sura ya sanamu ya mchongaji Phidias iliyosimama ndani ya hekalu la Parthenon, Athene, tangu mwaka 438 KK, ambayo kwa maneno ya Pericles, kiongozi wa Athene, ilivaa dhahabu ya talanta 40, yaani karibu tani moja. Sanamu ile haipo tena. Tani nzima imepotea, na vitu vinavyoenea kiganjani vimetuhifadhia kofia yake mpaka mabawa ya farasi.

Alama nyingine nazitaja mbiombio. Diski ya Phaistos, ile sahani ya kale ya Krete yenye alama zilizopangwa kizunguzungu, mnayoiona imetengenezwa kwa dhahabu madukani, ya asili ni udongo wa kuchoma, na maandishi yake hayajasomeka. Usimwambie mteja ina maana fulani. Jua la Vergina lenye miali 16 lilitoka kwenye sanduku la dhahabu alilolifukua mwanaakiolojia Andronikos huko Vergina, Ugiriki, mwaka 1977, na nchi mbili, Ugiriki na jirani yake Makedonia Kaskazini ya leo, ziligombania alama hiyo kwa miaka mingi. Anayeivaa ajue amevaa nini. Medusa aliwekwa kwenye ngao na milango kumkodolea macho mwenye nia mbaya. Sisi wenye hirizi na hofu ya kijicho tunalielewa hilo bila mkalimani, kwa hiyo msimchonge akiwa amesinzia. Alama za bundi na fundo la shujaa Herakles nimeziacha.

Lenzi ziko mezani, na vidani sita nilivyovileta. Njooni watatu watatu. Tafadhali, kabla hamjatazama uso, kigeuzeni.