Roman Candle Si Rasimu

Ndugu zangu, wapo wanaosema Roman Candle ya Elliott Smith, mwimbaji na mpiga gitaa Mmarekani, ni rasimu tu. Nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: si rasimu. Ni albamu. Ina nyimbo 9, inachukua kama dakika 30, ilitoka Julai 1994 kupitia Cavity Search, kampuni ndogo ya Portland, Oregon. Anayeikatalia jina la albamu kwa sababu ni fupi, anionyeshe wimbo uliokatika kabla ya kuisha.

Habari za bendi yake, Heatmiser, na yale magitaa ya kishindo mnazijua, naziruka. Twende kwenye mashine, maana hapo ndipo watu wanapokosea.

Smith alirekodi kwenye chumba cha chini ya nyumba, kwa mashine ya kaseti ya njia nne, yaani mistari minne ya utepe, kila mmoja ukibeba sauti yake peke yake. Kaseti yoyote ina njia hizo hizo nne: mbili za upande A, mbili za upande B. Mashine hii inazichukua zote kwa mkupuo, zikienda mwelekeo mmoja. Ndiyo maana kaseti ya namna hiyo ukiiweka kwenye redio ya nyumbani, ukaigeuza, muziki unakwenda kinyumenyume. Sasa hesabuni nami. Gitaa, moja. Gitaa la pili, mbili. Sauti, tatu. Sauti tena juu ya ile ya kwanza, nne. Kwisha! Ukitaka kuongeza kitu, unganisha njia mbili ziwe moja, na ukishaunganisha na kufuta zile za awali, hakuna kurudi, na mvumo wa utepe umezidi. Mtu aliyebanwa hivyo harekodi kwa kubahatisha. Anaamua.

Sikilizeni "Condor Ave". Anaimba karibu na kunong'ona, na sauti yake imewekwa mara mbili. Mtasikia "s" mbili na "t" mbili ambazo hazikutua pamoja sawasawa. Vidole vinapohama kwenye nyuzi, nyuzi zinalia. Na mnong'ono haurekodiwi kwa mbali. Mdomo lazima ukaribie maikrofoni, na ukikaribia, pumzi nayo inaingia.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mwalimu, hizo ni kelele tu, fundi angezisafisha." Zilisafishwa! Mwaka 2010 kampuni ya muziki ya Kill Rock Stars walipoitoa upya albamu hii, Larry Crane, mtunza kanda za Smith, alipunguza milio ya nyuzi na makali ya "s", akaeleza wazi kuwa alitaka muziki ukaribishe zaidi. Namheshimu sana Crane, na kazi yake ni safi. Lakini mimi nabaki na toleo la kwanza, kwa sababu ule mlio wa uzi ndio unaonionyesha mkono ulipotoka na ulipokwenda. Ukiupunguza, mpigaji anasogea mbali nami.

Mwingine atasema: Smith mwenyewe hakukusudia iwe albamu. Kweli kabisa. Alitarajia labda santuri ndogo. Cavity Search walipozisikia nyimbo, wakazitaka zote. Sasa hilo linapunguza nini? Kazi haikui wala haipungui kwa matarajio ya aliyeipeleka. Waliozipokea walikuwa na masikio, wakatambua kilichokuwa mbele yao. Hoja hii inanichosha kwa kweli, maana huletwa na watu ambao hawajaisikiliza albamu yote kwa mfululizo.

Mengine nayapitia haraka, naona naonyeshwa saa. Nyimbo 4 hazina majina, ni "No Name" na namba. Acheni kuzitafutia siri, zisikilizeni. Wimbo wa kufunga hauna maneno. Smith kuimba wimbo wake "Miss Misery" akiwa na suti nyeupe kwenye tuzo za filamu za Oscar za 1998: mmeshaona, leo siingii huko.

"Last Call" ndiyo ndefu kuliko zote, ina gitaa la umeme na hasira iliyo wazi, na ilistahili nusu saa peke yake. Sina nusu saa. Fundi, tuwekee hiyo basi, toleo la 1994 tafadhali.