"Mimi Sikuambiwa"

Haya tuendelee, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Watu wengi wakisikia mkubwa amekana wanafikiri ni uongo wa baada ya tukio, yaani mtu kashikwa ndo anaanza kuruka. Mada ya leo, kukana kunakoaminika, siyo hiyo, hii inaandaliwa mapema, bosi anatengenezewa pa kurukia wakati kazi yenyewe hata haijaanza.

Marekani waliiweka kabisa kwenye maandishi. Juni 1948, agizo la NSC 10/2 la Baraza la Usalama la Taifa likasema operesheni za siri zipangwe hivi kwamba zikija kugundulika serikali iweze kuzikana na ikaaminika. Kukana kumo kwenye plani tangu siku ya kwanza!

Inafanyikaje? Hakuna anayetamka "ua". Wanasema "lile tatizo lishughulikiwe", hakuna karatasi, maagizo ni ya mdomo, na ripoti inaishia ngazi moja chini ya mkubwa. Ndo maana 1975 kamati ya Seneta Frank Church ilipochunguza njama za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, za kumuua Fidel Castro wa Cuba, njama ikaonekana, ila kama marais waliidhinisha, ushahidi haukutosha. Tena 1987, Admirali John Poindexter, aliyekuwa mshauri wa usalama wa Rais Reagan, akaliambia Bunge waziwazi kwamba zile hela za silaha walizouziwa Iran, zilizopelekwa kwa waasi wa Nicaragua, yeye kwa makusudi hakumwambia Rais Reagan, ili rais aweze kukana. Yaani kumficha bosi ndo ikawa utiifu, na alisema bila hata kuona haya.

Kwa hiyo mimi lile swali la "alijua?" naona ni dogo, ulizeni nani alipanga asijue, na huo mpangilio ulikuwa unamfaidisha nani.

Sheria nayo imejaribu. Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), ibara ya 28, kamanda wa jeshi anabanwa hata kwa kile alichopaswa kujua kuhusu watu walio chini yake. Lakini bosi wa kiraia, hapo sasa, lazima uonyeshe alijua au alipuuza makusudi taarifa zilizoonyesha wazi, na kama taarifa zenyewe hazijawahi kufika mezani kwake utamshika na nini? Mimi hapo naona waliacha mlango wazi. Haya, maswali, tuanze na dada pale mbele.