Akiumia, Nani Analipa Hospitali?

REHEMA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Rehema, na hapa studio yupo Mwalimu Baraka, aliyefundisha wakimbiaji wa shule za upili kwa miaka mingi. Leo tuko kwenye vyuo vikuu vya Marekani: mwanafunzi anayekichezea chuo chake, alipwe au asilipwe? Mwalimu, nilipokutajia mada hii ulinyamaza kwanza.

BARAKA: Nilimkumbuka kijana wangu mmoja. Simtaji jina, wala chuo chake. Alikwenda huko kwa skolashipu ya mbio za nyika. Mwaka wa pili goti likaanza kumsumbua. Alikuwa akinipigia simu ya video, amekaa sakafuni, mfuko wa barafu juu ya goti, maji yanamchuruzika mpaka kwenye soksi, naye ananiambia, "Mwalimu, Jumamosi lazima nikimbie." Siku zile skolashipu ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Mwaka ulipoisha, hawakumwongezea. Kwa hiyo mtu akiniambia skolashipu ndiyo mshahara wao, mimi namuuliza: mshahara gani huo, ukiumia kazini unapoteza na shule?

REHEMA: Pole sana, Mwalimu. Na hilo la kuumia ndilo mzizi wa mambo yote haya. Mwaka 1955 kule Colorado, kijana aitwaye Ray Dennison alipasuka fuvu akikichezea chuo chake futiboli ya Kimarekani, akafa. Mjane wake akadai fidia, ile anayopewa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo ikamnyima. Ikasema chuo hakifanyi biashara ya futiboli.

BARAKA: Mjane akarudi nyumbani mikono mitupu.

REHEMA: Miaka hiyo hiyo ya 1950 ndipo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikaanza kuhimiza neno "mwanafunzi-mwanamichezo". Aliyekuwa mkuu wake, Walter Byers, alikuja kukiri mwenyewe baada ya kustaafu kwamba walilibuni neno hilo kwa hofu kuwa wachezaji wangetambuliwa kisheria kama wafanyakazi. Mimi hilo linaniuma, Mwalimu. Watu wazima walikaa mezani wakatafuta jina la kumwita kijana ili asidai chake.

BARAKA: Na pesa zenyewe si za mchezo.

REHEMA: Mashindano ya mpira wa kikapu ya mwezi Machi peke yake, haki za televisheni ni takribani dola bilioni 1.1 kwa mwaka. Kocha wa futiboli wa chuo cha Alabama, Nick Saban, alikuwa akipokea zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Halafu mwaka 2014 Shabazz Napier, aliyekipa chuo cha Connecticut ubingwa wa kikapu, akawaambia waandishi wa habari kwamba kuna usiku alikuwa akilala na njaa. Bingwa wa taifa! Baada ya hapo ndipo NCAA ikaruhusu vyuo kuwapa wachezaji chakula bila kipimo.

BARAKA: Lakini sheria zimebadilika sasa.

REHEMA: Zimebadilika kwa kuburutwa mahakamani. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa, ikaiambia NCAA kwamba haiwezi kuweka kikomo kwenye misaada inayohusiana na masomo. Mwezi Julai mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kuuza jina na sura yao: tangazo la viatu, la mkahawa, chochote. Halafu Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha maafikiano ya kesi ambayo wachezaji waliishitaki NCAA: takribani dola bilioni 2.8 kwa waliocheza tangu 2016, na kila chuo kinachokubali kinaweza kuwagawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, 2025-26.

BARAKA: Hapo ndipo mimi nasita, dada. Hizo milioni 20, nyingi zinakwenda kwa vijana wa futiboli na kikapu. Sawa, wao ndio wanaoleta watazamaji. Ila zinatoka wapi? Machi 2025 chuo cha Cal Poly kule California kilifuta timu zake za kuogelea, kikataja maafikiano haya kuwa sababu mojawapo. Leo ni kuogelea. Kesho wakifika kwenye riadha, ujue mlango waliopitia vijana wetu tangu enzi za Henry Rono unafungwa.

REHEMA: Rono, yule wa rekodi nne za dunia.

BARAKA: Ndani ya siku 81, mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State! Mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000 na kuruka viunzi na maji. Enzi ya ridhaa ile, rekodi unabaki nayo kichwani, mfukoni huna kitu. Hata hivyo mlango ulikuwa wazi. Mtoto wa mkulima anasoma chuo bila baba yake kuuza shamba. Nauogopea mlango huo.

REHEMA: Nakuelewa, lakini sikubali mchezaji wa futiboli ndiye abebe lawama. Akilipwa jasho lake hajamnyang'anya muogeleaji. Chuo kinachofuta timu kimechagua nani wa kukatwa, na mara nyingi mishahara ya makocha wakubwa haiguswi. Wanawake nao wanalalamika kwamba mgawo unawapa kidogo mno, na wengine tayari wamekata rufaa. Hilo nawaunga mkono kabisa.

BARAKA: Na wetu je? Maana hata hicho kidogo hawakifikii.

REHEMA: Oscar Tshiebwe. Kijana wa Lubumbashi, mji wa Kiswahili kabisa. Mwaka 2022 alichaguliwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo vyote Marekani, akiichezea Kentucky. Wenzake walikuwa wakisaini mikataba ya matangazo pale pale chuoni. Yeye alikuwa na viza ya mwanafunzi, na viza hiyo hairuhusu kazi ya namna hiyo ndani ya Marekani. Agosti timu ikaenda Bahamas kwa ziara, na huko ndiko akafanya kazi za wadhamini wake.

BARAKA: Yaani avuke bahari ndipo alipwe kwa sura yake mwenyewe.

REHEMA: Na mkimbiaji wa Iten ambaye timu yake haina ziara ya Bahamas, afanyeje?

BARAKA: Juzi alinijia mzazi, binti yake nimemfundisha mimi. Wamepata barua kutoka chuo kimoja. Tukaisoma wote, ukurasa kwa ukurasa, binti akitutafsiria. Ada, bweni, chakula, viatu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza moja tu: "Akiumia, nani analipa hospitali, na shule itaendelea?" Barua ilikuwa kimya juu ya hilo. Tukampigia kocha wao usiku ule ule.

REHEMA: Akasemaje?

BARAKA: Akasema atatuandikia. Leo siku ya nne. Nimemwambia mama asisaini mpaka jibu lije kwa maandishi.