Vasily Grossman kati ya Askari na Raia

Ndugu zangu waandishi, na nyinyi wanafunzi mnaoingia katika kazi hii, asanteni kwa kunialika. Nataka kumzungumzia mtu mmoja tu, Vasily Grossman, kwa kuwa sijasoma mwandishi wa vita aliyewatendea haki watu wa vita kuliko yeye.

Ujerumani ilipouvamia Umoja wa Kisovieti mwaka 1941, Grossman alikuwa mhandisi wa kemia aliyegeukia uandishi wa riwaya. Aliomba kwenda kupigana, akaonekana hafai kwa afya yake. Gazeti la jeshi, Krasnaya Zvezda, likamchukua, naye akafuatana na wanajeshi mpaka Berlin mwaka 1945.

Siri yake ilikuwa kusikiliza. Alipoongea na askari hakuwa akiandika. Daftari alilifungua baadaye, usiku. Huko Stalingrad, mji wa Kisovieti uliopiganiwa vikali, mwaka 1942, Jenerali Gurtiev, kamanda wa askari kutoka Siberia, alijulikana kwa ukimya wake. Waandishi wenzake walistaajabu kusikia kwamba amezungumza na Grossman saa 6 mfululizo. Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo yaliyozaa makala yake kuhusu Wasiberia waliolinda kiwanda cha Barrikady. Ukiyasoma unawaona watu: waliochoka, wenye kwao, wanaojua kwamba nyuma yao ni mto Volga na hakuna pa kwenda.

Hapo hapo Stalingrad alimwandika mdunguaji kijana, Anatoly Chekhov. Mwandishi mwingine angehesabu maiti akamaliza. Grossman alitazama vita vilivyomfanya nini kijana mpole: jinsi alivyojifunza kuvizia Wajerumani waliotoka kuchota maji, na jinsi adui aliyekuwa akitembea wima alivyoanza kutambaa. Anamsifu, maana anatetea nchi yake. Lakini hafichi kwamba kumwona mtu mwema akizoea kuua kunatisha. Mimi hapo ndipo ninapouona ukubwa wake.

Kwa raia hakuwa mtazamaji wa pembeni. Mama yake, mwalimu wa Kifaransa, alibaki Berdychiv, mji wa Ukraine alikozaliwa Grossman mwenyewe. Wanazi walimuua Septemba 1941 pamoja na maelfu ya Wayahudi wa mji huo. Mwana alifika huko mwaka 1944, jeshi lilipokwisha kuukomboa, akapata hakika ya yale aliyokuwa akiyahofia. Miaka mingi baadaye, 1950 na tena 1961, alimwandikia marehemu mama yake barua.

Mwaka huohuo wa 1944 alifika Treblinka, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, akawahoji walionusurika na wakulima wa jirani, akaandika jinsi kambi ile ilivyoua watu, hatua kwa hatua, tangu treni inaposimama. Makala hiyo ilitumika kama ushahidi kwenye kesi za Nuremberg, walikoshtakiwa viongozi wa Kinazi.

Mtu mwenye jeraha kama hilo angeweza kufumba macho jeshi lake lilipoingia Ujerumani. Hakufumba. Aliandika daftarini kwamba askari wa Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti, walewale aliowapenda, walikuwa wakibaka wanawake wa Kijerumani na hata wasichana wa Kisovieti waliotoka kukombolewa. Gazeti lake lisingechapa hata mstari mmoja wa hayo. Aliyaandika hivyohivyo, na madaftari hayo yamebaki.