Land Cruiser HJ47: Kubadilisha Sili za Ekseli ya Mbele Zisivuje Tena

Ndugu mtazamaji, karibu gereji. Gari lililo mbele yako ni Toyota Land Cruiser HJ47, la ule mfululizo wa 40 uliotoka viwandani Japani kuanzia mwaka 1960 hadi 1984, na chini ya boneti kuna injini ya dizeli ya 2H yenye silinda sita na ujazo wa takribani lita 4. Injini hiyo leo hatuigusi, kwa sababu haina ugonjwa wowote. Kilichotuleta ni ule weusi unaochuruzika upande wa ndani wa gurudumu la mbele kushoto. Wenye magari haya wengi hununua sili mpya, yaani pete za kuzuia oili isivuje, huzipachika, kisha baada ya muda mfupi weusi unarudi palepale. Kwa hiyo tutabadilisha sili, lakini pia tutatafuta kilichoziua zile za zamani.

Ekseli ya mbele ya gari hili ni nzima, na kila ncha yake ina tufe la chuma lililovikwa nyumba ya jointi, ambayo ndiyo inayogeuka unapokata kona. Oili ya difu, ile gia ya kwenye ekseli inayogawa nguvu kwa magurudumu, inatakiwa iishie kwenye sili ya ndani, kabla ya tufe, na kutoka hapo kwenda nje ni himaya ya grisi peke yake. Sili ya ndani ikichoka, oili huvuka, huiyeyusha grisi, na mchanganyiko huo, ambao sasa ni mwepesi mithili ya uji wa ulezi, hupenya sili ya nje na kumwagikia tairi. Ukiona uji huo, usiilaumu sili ya nje peke yake.

Kabla ya kufungua chochote, ingia chini ya gari utazame kipumulio kilicho juu ya ekseli. Sogeza kamera hapa, kijana. Unaona? Vumbi la barabara ya changarawe limechanganyika na mafuta na kuwa kama saruji, na nikipuliza hakuna hewa inayopita. Difu ikipata moto hewa iliyo ndani hutanuka, na ikikosa pa kutokea husukuma oili kwenye sili. Gari likiingia mtoni likiwa bado na moto, hewa hiyo hujikunja ghafla na kuvuta maji ndani. Kipumulio hiki kioshe kwa petroli mpaka kipitishe hewa, au weka kipya, kwa sababu bei yake ni ndogo na madhara ya kuziba kwake ni makubwa.

Kabari kwenye magurudumu ya nyuma, jeki, stendi imara chini ya ekseli, gurudumu nje, hayo unayajua. Mwaga oili ya difu kwenye beseni safi uiangalie: ikiwa ya rangi ya maziwa kuna maji, na ikiwa na chembe za chuma zinazohisika kati ya vidole, jiandae kufungua na difu.

Fungua kifuniko cha loki ya gurudumu, toa klipu, kisha utazikuta nati mbili pana zenye kibati cha kufungia katikati yake. Nati hizi ni za soketi ya milimita 54. Tafadhali usitumie patasi na nyundo. Ninajua kwamba magari mengi ya aina hii yana alama za patasi kwenye nati hizo, na kila ninapoziona roho inaniuma, kwa maana huwezi kukaza beringi kwa kipimo sahihi kwa kutumia patasi. Soketi hii ninaiuza dukani, lakini hata ukiinunua kwa jirani yangu sitanuna.

Dramu ya breki na habu, yaani kitovu cha gurudumu, zikitoka, fungua boliti za spindo, ambalo ni lile bomba fupi ambalo habu huzungukia. Bati la breki litafunguka pamoja nalo, kwa hiyo lifunge kwa waya kwenye springi ili lisining'inie kwenye paipu ya breki. Spindo likigoma, ligonge taratibu kwa nyundo ya shaba. Sasa unaweza kuivuta shafti, ile fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu, pamoja na jointi yake. Ivute ikiwa imenyooka, na ushike uzito wake kwa mikono miwili. Wakati wa kutoa si neno, kwa kuwa sili ya zamani inakwenda jalalani, lakini izoeshe mikono yako tangu sasa, maana wakati wa kurudisha mwendo huohuo ndio utakaoamua kazi nzima.

Mkono wa stelingi umeshikwa na nati nne za namba 17, na chini ya kila nati kuna washa yenye umbo la pia iliyojikaba. Legeza nati bila kuzitoa kabisa, kisha ugonge mkono wenyewe kwa nyundo ya shaba mpaka washa ziruke. Uvumilivu unahitajika hapa, na chai inaruhusiwa.

Chini ya mkono wa stelingi, na chini ya kifuniko cha beringi kilicho upande wa pili, kuna vibati vyembamba vinavyoitwa shimu. Za juu zifunge kwa waya na kuandika «juu», na za chini vivyo hivyo. Shimu hizi hufanya kazi mbili: hukaza beringi za kingpini, yaani zile ambazo nyumba ya jointi hugeukia, na huiweka nyumba ya jointi katikati sawasawa na shafti. Ukizichanganya, shafti itapita upande mmoja wa sili, na sili mpya itavuja hata kama umeinunua kwa bei ya ng'ombe. Nasema tena: za juu zibaki za juu.

Sasa safisha kila kitu kwa mafuta ya taa, uchunguze tufe, na kama lina vishimo vidogo vya kutu visugue kwa msasa laini. Shafti nayo... ngoja. Rudisha kamera hapa kwenye shafti, na mwanga uje upande huu. Sikutarajia hili. Pitisha ukucha pole pole kwenye sehemu nyeupe ambamo mdomo wa sili hukaa. Unauona unavyokwama? Huo ni mfereji uliochimbwa na sili ya zamani pamoja na vumbi kwa miaka mingi, na sili mpya ikikaa palepale itavuja siku ya kwanza. Shafti mpya ni ghali, kwa hiyo leo nitaipachika sili ikiwa imetokeza kidogo kuliko ya zamani, takribani milimita mbili, ili mdomo wake uguse chuma ambacho hakijachimbwa. Lakini ukucha ukizama, nunua shafti.

Sili ya ndani huingia upande wenye springi ukitazama difu. Igonge kwa bomba linaloenea ukingo wake wote, taratibu, ukiangalia isiende mshazari. Paka grisi kwenye mdomo wake.

Vikombe vya beringi za kingpini vikiwa na alama za rola, vibadilishe pamoja na beringi zake. Kisha, kabla ya kurudisha nyumba ya jointi, zivishe kwenye tufe zile sili za nje: ya manyoya, ya mpira na pete ya chuma, kwa mpangilio uleule uliozikuta. Ukisahau sasa, utafungua upya kila kitu, kwa sababu haziwezi kupita baadaye.

Rudisha nyumba ya jointi na shimu zake, kaza, halafu uvute kwa mizani ya ndoano kwenye tundu la tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele, sili za nje zikiwa bado hazijafungwa, na ulinganishe na kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari lako. Ikigeuka kirahisi mno, punguza shimu. Ikiwa ngumu mno, ongeza.

Ijaze jointi grisi ya molibdeni mpaka itokeze kati ya gololi zake sita, na tufe lijaze kiasi cha robo tatu.

Tumefika penyewe. Shafti ya kushoto ndiyo ndefu, kwa kuwa difu imekaa upande wa kulia, na urefu huo huifanya ilale kwa uzito wake. Meno yaliyo kwenye ncha yake ni makali na yatapita katikati ya mdomo wa sili uliyoipachika kwa taabu. Usiiache iulalie mdomo huo hata kidogo. Mkono mmoja ubebe jointi, mwingine ubebe shafti karibu na tufe, isogee ikiwa katikati, na mwenzako amulike tochi ndani. Meno yakigusa difu yakakataa kuingia, izungushe kidogo bila kuishusha. Simu ikiita, iache iite! Shafti haitakiwi kupumzika juu ya sili ukisema haloo. Imeingia. Hapo naweza kuvuta pumzi.

Spindo lirudi na gaskiti mpya. Beringi za habu zipake grisi, kaza nati ya ndani kwa nguvu ya kiasi huku ukizungusha habu pande zote mbili, legeza, kaza tena kidogo, kisha uweke kibati kipya na nati ya nje. Ulimi mmoja wa kibati uukunje ndani na mwingine nje. Mimina oili ya gia namba 90 mpaka ilingane na tundu la kujazia.

Endesha kilomita chache kwenye barabara ya mashimo, rudi, na ushike habu: joto dogo ni sawa, lakini ikikuchoma beringi zimekazwa mno. Pakiti za sili za upande mmoja ninazo dukani, lakini ukija njoo na sili ya zamani mkononi, kwa sababu vipimo vya mfululizo wa 40 havikuwa vilevile miaka yote.